Sita, Siti na Filamu ya Vibonzo kwa Watu Wazima: Maoni kutoka Chekereni

1.0 Utangulizi

Neno katuni, kila litajwapo katika mazungumzo ya Kiswahili, huvuta nyuma yake neno watoto. Mzazi huwawekea wanawe katuni ili apate nafasi ya kupika. Mgeni akimkuta mtu mzima ameketi mbele ya katuni, hucheka. Gazetini mambo ni tofauti. Kibonzo cha gazeti ni cha watu wazima, na hakuna amwonaye mchoraji wake kuwa mtu wa chekechea. Lakini kibonzo hichohicho kikipewa mwendo na sauti, hushushwa cheo papo hapo. Makala haya yanapinga mgawanyo huo. Tunadai kwamba filamu ya vibonzo yenye nyimbo ni umbo la sanaa ambalo jamii ya Waswahili imekwisha kulijua kwa jina jingine, yaani ngano, na kwamba idara zetu za Kiswahili zina wajibu wa kulishughulikia kama zinavyoshughulikia tamthiliya na ushairi.

Tunaijenga hoja hii juu ya filamu moja, Sita Sings the Blues, iliyotengenezwa na Mmarekani Nina Paley na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mwezi Februari 2008. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, ni kazi ya watu wazima pasi na shaka: mambo yake ni ndoa, tuhuma, mimba na kuachwa. Pili, muundo wake unakaribiana mno na fasihi simulizi yetu. Tatu, mwenyewe ameitoa kwa umma, kwa hiyo sehemu kubwa ya yale tunayoyapendekeza hapa chini yaweza kutendeka bila kumpigia mtu magoti. Kielelezo kimoja kinatoka Chekereni, kijiji cha wakulima wa mpunga katika tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi. Hatukiiti utafiti. Ni jambo tuliloliona, na ndilo lililotusukuma kuandika.

2.0 Filamu yenyewe

Paley aliifanya kazi hii kwa takribani miaka 5, akichora karibu yote peke yake kwa kompyuta. Filamu ina dakika 82 na inakwenda kwa nyuzi tatu zilizosukwa pamoja. Uzi wa kwanza ni kisa cha Sita kutoka Ramayana. Rama anafukuzwa katika ufalme kwa miaka 14. Mkewe Sita anakubali kufuatana naye msituni. Ravana anamteka na kumpeleka Lanka. Rama anamwokoa, kisha anamshuku. Sita anapita katika moto na moto haumdhuru. Hata hivyo, mimba inapoonekana na minong'ono ya mjini inapomfikia mfalme, Sita anafukuzwa. Anazaa mapacha msituni, anawalea, na mwishowe, anapotakiwa kuuthibitisha usafi wake tena, anaiomba ardhi impokee. Nayo inafunguka na kummeza.

Uzi wa pili ni maisha ya msanii mwenyewe. Mumewe alikwenda India kikazi, naye akamfuata. Aliposafiri kurudi Marekani kwa shughuli fupi, alipata barua pepe ya kumwambia asirudi tena. Uzi wa tatu ni vivuli vitatu, mfano wa vikaragosi vya ngozi, vinavyojaribu kukumbuka kisa cha Rama na Sita jinsi kila kimoja kilivyokisikia utotoni. Vinasahau majina, vinabishana juu ya mpangilio wa matukio, vinasahihishana na kucheka. Sauti hizo ni za Wahindi watatu waliozungumza bila maandishi ya kusoma.

Juu ya nyuzi hizo zimewekwa nyimbo. Kila Sita anapofikia kilele cha furaha au cha uchungu, hufumbua kinywa na kuimba kwa sauti ya Annette Hanshaw, mwimbaji wa Marekani aliyerekodi santuri kuanzia mwaka 1926 hadi katikati ya miaka ya 1930. Nyimbo hizo hazikutungwa kwa ajili ya Ramayana. Zinamhusu mwanamke anayempenda mwanamume asiyestahili. Mwishoni mwa santuri zake Hanshaw alikuwa na desturi ya kusema, kwa sauti nyepesi ya kitoto, kwamba basi, yameisha. Na Paley ameliacha neno hilo lisikike, hata pale ambapo tumemwacha Sita katika kilio. Msikilizaji wa ngano za Kiswahili hahitaji kuelezwa kazi ya neno kama hilo. Ni mlango unaofungwa na fanani ili hadhira irudi nyumbani.

3.0 Jioni moja Chekereni

Mashamba ya Chekereni ni sehemu ya skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini, iliyojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980. Wakazi wake wametoka makabila mbalimbali. Kwa hiyo Kiswahili ndicho chombo chao cha pamoja cha kuuzia mpunga, kugombania zamu ya maji na kutaniana. Mwenye kibanda umiza mmoja, ambaye riziki yake hutokana na kuonyesha mpira, alitukubalia tuionyeshe filamu hii katika jioni isiyo na mechi. Kwa kuwa maneno yake ni ya Kiingereza, mwandishi wa makala haya alisimama kando ya skrini akasimulia kwa Kiswahili.

Mwenye kibanda alikwisha tangaza kuwa ni katuni. Matokeo yake ni kwamba watoto walijaza mabenchi ya mbele, nao watu wazima wakabaki nje wakizungumza. Hanuman, mwenye umbo la nyani, aliwafurahisha watoto, lakini baada ya Sita kutoka motoni walianza kuondoka mmoja mmoja. Watu wazima nao, waliokuwa wakichungulia mlangoni, wakaingia mmoja mmoja kuchukua nafasi zao. Kufikia mapacha kuzaliwa, kibanda kilikuwa kimebadilisha hadhira kabisa. Hatujui ithibati gani nyingine itakiwayo kuonyesha kwamba kazi hii si ya watoto.

Jina la Sita lilizua kicheko tangu mwanzo. Mzee mmoja aliuliza, "Mwalimu, huyu binti hana jina, ana namba tu?" Kijana aliyekaa nyuma yake akamjibu kwamba huenda ni sita ya kusitasita. Mzaha huo ulikuwa na maana kubwa kuliko alivyokusudia mwenyewe, maana katika kisa chote Sita ndiye asiyesita. Anayesita ni Rama. Baadaye tuliwaeleza kwamba katika Kisanskriti jina hilo maana yake ni mfuo wa plau, kwa kuwa kitoto Sita kilionekana shambani wakati mfalme Janaka akilima. Wasikilizaji hawa, ambao wanaujua mfuo kwa miguu yao, walinyamaza kidogo. Ardhi ilipommeza, mama mmoja alisema, "Basi amerudi kwao." Tumesoma maelezo kadhaa ya kitaaluma kuhusu mwisho huo, na hatukumbuki lililo fupi na timilifu kama hilo.

Ubishi mkali ulikuja baada ya filamu. Mama huyohuyo aliuliza kwa nini Rama naye hakuulizwa alikuwa wapi na nani muda wote ambao Sita alikuwa Lanka. Mzee akasema kwamba mfalme hana ndoa yake peke yake, ndoa yake ni ya nchi, na nchi ikinong'ona hana budi kusikia. Mama akamjibu, "Nchi hiyo, shikamoo yake ni ya nini basi, baba?" Hoja ya mzee si dhaifu, ndiyo iliyotolewa kwa karne nyingi na watetezi wa Rama. Hoja ya mama ndiyo ya Paley. Walifika hapo wenyewe, kwa Kiswahili, katika kibanda cha mabati, kutokana na kazi ambayo sisi wasomi tungeipitia haraka kwa sababu ni katuni.

4.0 Ngano: kosa tulilokwisha kulifanya

Kosa hili si la kwanza. Ngano nayo, kabla ya kuingizwa katika vitabu vya shule ya msingi, haikuwa mali ya watoto pekee. Ilisimuliwa usiku mbele ya watu wa rika zote, na mtambaji mahiri aliweza kusema maneno yenye tabaka mbili: mtoto alimcheka fisi, na mtu mzima alimtambua jirani yake ndani ya ngozi ya fisi. Wimbo katika ngano haukuwa pambo. Ulikuwa pumziko la kisa, mahali ambapo mhusika aliyekatazwa kusema huruhusiwa kuimba. Mke wa pili aliyeonewa, binti aliyezikwa hai na ndugu zake, ndege anayeshuhudia mauaji: hao wote husema ukweli wao kwa wimbo, kwa kuwa kwa maneno ya kawaida hawana pa kuusemea.

Tulipoziandika ngano na kuzipa madarasa ya chini, tulibakiza fisi na sungura tukaacha mengi ya hayo mengine. Watu wa tamthiliya ndio waliozirudisha kwa watu wazima. Ebrahim Hussein katika Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, zilizochapishwa pamoja mwaka 1976, alimrudisha mtambaji jukwaani. Penina Muhando katika Nguzo Mama (1982) alimpa Bi Msimulizi kazi ya kuunganisha kisa cha wanawake wanaojaribu kusimamisha nguzo, na katika Lina Ubani (1984) akaitumia ngano kuzungumzia hali ya nchi. Hakuna mhakiki aliyesema kwamba tamthiliya hizo ni za watoto kwa kuwa zina ngano ndani yake.

Sasa tuitazame tena filamu ya Paley kwa jicho hilo. Vivuli vitatu ni watambaji watatu wanaonyang'anyana kisa kimoja. Nyimbo ni zile za ngano, ambapo mtu aliyenyimwa shauri hupewa sauti. Hata mapumziko ya katikati, ambapo wahusika wanaonekana wakienda kununua vitafunio, yanakumbusha majumba ya sinema ya Afrika Mashariki yalivyokuwa yakionyesha picha za Kihindi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anazo tayari zana zote za kuichambua kazi hii. Anachokosa ni ruhusa ya mwalimu wake.

5.0 Vibonzo tulivyo navyo

Hatusemi kwamba Kiswahili hakimo katika filamu za vibonzo. Kimo, lakini kwa namna mbili tu zinazoonekana kwa wingi. Namna ya kwanza ni Kiswahili cha pambo. Filamu ya The Lion King ya kampuni ya Disney (1994) ilichota majina Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi, ikayagawa kwa wanyama wanaozungumza Kiingereza, na katika ufunguzi wake tembo hupita mbele ya mlima wenye theluji ambao mtu wa Moshi hahitaji kuambiwa ni upi. Maneno hakuna matata, yaliyokuwa yamekwisha kuimbwa na Them Mushrooms wa Mombasa katika wimbo Jambo Bwana (1982), yaliombewa alama ya biashara nchini Marekani mwaka 1994 na kusajiliwa mwaka 2003. Lugha iliazimwa kama nguo ya sherehe.

Namna ya pili ni ya heshima zaidi. Ubongo Kids, kipindi cha vibonzo na nyimbo kinachotengenezwa Dar es Salaam na kurushwa tangu mwaka 2014, huwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili fasaha, na mafanikio yake yamethibitisha kwamba wachoraji, waimbaji na mafundi wa kazi hii tunao. Hatuna ugomvi nacho hata kidogo. Tunachosema ni kwamba ujuzi huo umepewa hadhira moja tu.

Kuna namna ya tatu ambayo wasomi wameichelewa, nayo haikutokana na vibonzo. Ni usimulizi wa filamu za kigeni unaofanywa na wale wanaoitwa ma-DJ. Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa nchini Tanzania kwa kuzisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akiongeza maelezo, mizaha na maonyo yake mwenyewe. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings ameiandikia kazi yake kwa kina. Vivuli vya Paley na usimulizi wa Lufufu ni ndugu: sauti inayosimama kati ya kisa na hadhira, inayoeleza na kubishana nacho kwa wakati mmoja. Paley ameiweka sauti hiyo ndani ya filamu. Wetu huiweka juu yake. Ni aibu kidogo kwamba umbo hili lilipata mchunguzi wake mkuu Ujerumani.

6.0 Pingamizi

Tunatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya heshima ya dini. Kwa Wahindu, Rama si mhusika wa hadithi tu bali ni mwenye kuabudiwa, na baadhi yao waliilalamikia filamu hii vikali. Moshi ni mji wenye majirani Wahindu, na jambo hili halifai kupuuzwa. Jibu letu ni kwamba Ramayana yenyewe imekuwa na wasimulizi wengi katika lugha nyingi, na kilio cha Sita kimo katika usimulizi wa kale. Paley hakukibuni, amekisogeza mbele. Hata hivyo, atakayeisimulia kwa Kiswahili anapaswa kuisimulia kwa adabu na kuwapa nafasi watetezi wa Rama, kama mzee wa Chekereni alivyojipatia nafasi yake. Fasihi ya Kiswahili inaweza kuubeba mjadala huo. Inao Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 au karibu na hapo, unaomuusia binti juu ya radhi ya mume, na inayo Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda na leo inasomwa vyuoni.

Pingamizi ya pili ni ya haki za kazi, na hapa filamu hii ina fundisho. Santuri za Hanshaw zenyewe zilidhaniwa kuwa huru, lakini tungo zilikuwa bado na wenyewe, na Paley alilazimika kukopa na kulipa takribani dola 50,000 ili aruhusiwe kuionyesha kazi yake kihalali. Baada ya hapo aliitoa filamu kwa umma mwaka 2009 kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuinakili na kuibadilisha, na mwaka 2013 akaziachilia haki zake zote zilizobaki. Tungo zilizochapishwa Marekani hadi mwisho wa mwaka 1929 nazo zimekuwa huru nchini humo tangu Januari 2025. Zilizobaki zahitaji kuangaliwa moja moja. Kwa picha na masimulizi, mlango u wazi.

7.0 Kutoka Sita hadi Siti

Wakati Hanshaw akiimba mbele ya kipaza sauti huko Marekani, mwanamke mwingine alivuka bahari kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa wafinyanzi, akapewa jina la Mtumwa. Jina la Siti lilimjia baadaye pamoja na heshima. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Laura Fair (2001) ameonyesha jinsi nyimbo zake zilivyokuwa mahakama ya pili kwa watu wasiopata haki katika mahakama ya kwanza. Wimbo wake juu ya Kijiti unahusu mwanamume aliyemuua mwanamke kisha akatorokea bara, na wanawake waliohusishwa na marehemu ndio walioadhibiwa. Mwanamke anaonewa, mwanamume anaondoka, lawama inabaki kwa wanawake: msomaji ataona kwamba kutoka Sita hadi Siti hakuna masafa makubwa kuliko irabu moja.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 huilinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Siti alifariki mwaka 1950. Baadhi ya tungo alizoimba ni za wenzake, kwa hiyo kila moja itahitaji kuchunguzwa. Lakini hatari kubwa siyo sheria. Santuri huvunjika, na zilizosalia zimetawanyika mikononi mwa watu binafsi na katika hifadhi za ng'ambo. Wanaozijua nyimbo hizo kwa moyo wanapungua kila mwaka. Tukiendelea kungoja mpaka filamu ya vibonzo ipate heshima chuoni, tutakuwa na heshima bila sauti.

Tunapendekeza basi mambo mawili. La kwanza laweza kuanza muhula ujao: wanafunzi wa uzamili wa tafsiri na wa fasihi simulizi waisimulie filamu ya Sita kwa Kiswahili kwa pamoja, na vivuli vitatu wavipe sauti tatu za Kiswahili zinazobishana kwa dhati. Kazi hiyo ina maswali magumu ya kutosha tasnifu kadhaa, kuanzia jina lenyewe: je, blues ni bluzi, ni majonzi, au ni jambo ambalo taarabu imekwisha kulipatia neno? La pili litachukua miaka: idara za Kiswahili, za muziki na za sanaa za maonyesho zishirikiane na wachoraji walioko Dar es Salaam kutengeneza filamu ya vibonzo ya watu wazima juu ya nyimbo za Siti, zikiimbwa na Siti mwenyewe.

8.0 Hitimisho

Tumedai kwamba filamu ya vibonzo yenye nyimbo ni ngano iliyopata wino na umeme, na kwamba kuiachia watoto peke yao ni kulirudia kosa tulilolifanya kwa ngano. Tumeonyesha kwamba kazi moja ya namna hiyo iko huru kutumiwa, na kwamba nyenzo za kutengeneza yetu zipo. Tumalizie Chekereni. Watu walipokuwa wakitoka, mwenye kibanda alituuliza kama tuna katuni nyingine ya watu wazima, maana alikuwa na jioni nyingine isiyo na mechi wiki iliyofuata. Tulimjibu kwamba ya Kiswahili bado hatuna. Hakuelewa sababu, nasi hatukuwa na sababu ya kumpa.